Mbwa Anapozeeka Lindoni

Uzee wa mbwa ni jambo ambalo kaya nyingi za Afrika Mashariki hazijapata kulizoea, si kwa kukosa huruma, bali kwa kuwa mbwa wengi hawaufikii. Mbwa wa kijijini, yule anayelala nje, anayekula makombo na kulinda boma au kufuatana na mbuzi machungani, huondolewa mapema na magonjwa ya utotoni, kupe, magari, sumu na njaa, na nafasi yake huchukuliwa na mtoto mwingine kabla majirani hawajatambua kwamba wa kwanza hayupo tena. Kupokezana huko kwa haraka ndiko kunakowapa kazi wataalamu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu kampeni inayofikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kiwango kinachokubalika kuwa kinatosha kukata maambukizi, huanza kupungua nguvu mara tu inapomalizika, kwani baadhi ya waliochanjwa hufa na wasiochanjwa huzaliwa, hata ikalazimu chanjo irudiwe mwaka hadi mwaka. Mahali ambapo mambo yako hivyo, mbwa anayeishi hadi mdomo ukaota mvi ni mgeni asiye na desturi ya kumpokea, na watu humsoma kwa mazoea waliyoyapata kwa mbwa vijana.

Suala hili lilifufuka hivi karibuni katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, gari la matangazo lilipopita likiwataka wenye mbwa na paka wawapeleke ofisi ya kata wakachanjwe, kama inavyofanyika sehemu nyingi kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 28 Septemba kwa kumbukumbu ya siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Siku ya chanjo mzee mmoja alihoji mbele ya foleni faida ya kumchanja mbwa aliyekwisha kuzeeka, akashauri dozi wapewe wale wenye miaka ya kazi mbele yao, na wengi waliokuwapo wakacheka kwa kuafiki. Mwandishi wa makala haya, ambaye familia yake ilimzeesha mbwa katika mtaa huohuo, hakuafiki, na sababu zake zimo katika mambo yaliyoipata kaya hiyo.

Malezi ya mwandishi katika kihamba cha babu yake, yaani shamba la ukoo la Wachaga lenye nyumba, migomba na kahawa pamoja, hayakumfundisha lolote kuhusu mbwa mzee. Mbwa walifungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku, wakalishwa ukoko wa ugali uliolowekwa katika maji ya dagaa, na kila aliyekufa aliachia jina lake mrithi, hata ikawa kihambani hapo palikuwa na Simba siku zote ingawa mbwa mwenyewe alibadilika mara kwa mara. Kilichoheshimiwa kilikuwa lindo, na lindo halizeeki. Mtoto aliyekulia katika utaratibu huo angeweza kutaja sifa za mbwa mkali, mbwa mwizi wa mayai na mbwa anayebweka ovyo, lakini asingeweza kueleza mbwa huonekanaje anapochoka na miaka, kwa kuwa hakupata kumwona hata mmoja.

Mbwa aliyekuja kulibadilisha hilo aliitwa Bosi, jina alilopewa kwa utani kwa jinsi alivyokalia mlango wa jikoni tangu alipotolewa katika boksi la sabuni alimoletwa. Hakuwa wa mbegu yoyote inayotajika, bali mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya mchanga na masikio yaliyosimama nusu, na maisha yake marefu hayakutokana na damu yake, ila na tabia ya mama wa mwandishi, ambaye alifuga ng'ombe wa maziwa na kuandika kila jambo lao katika daftari: lita, siku ya kupandishwa, siku ya kunyunyiziwa dawa ya kupe. Kurasa za nyuma za daftari hilo alipewa Bosi. Chanjo yake ya kichaa iliandikwa humo kila mwaka na kadi yake kubanwa kwa pini, na kupe wake walishughulikiwa kwa ratiba, jambo ambalo lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa kupe wa mbwa hubeba vimelea vya damu, wakiwamo ehrlichia, bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe za damu, na babesia, ambao hupasua chembe nyekundu. Mbwa aliyeshikwa na wowote kati ya hao huweza kukonda, kupauka fizi na kufa pasipo mtu kujua kilichomuua. Daftari lile la ng'ombe, ambalo lilianza kama utaratibu wa mtu wa biashara ya maziwa, ndilo baadaye lililokuwa shahidi pekee wa mambo ambayo macho ya kaya nzima yaliyaona vibaya.

Dalili za kwanza hazikuonekana kuwa dalili. Bosi aliacha kwenda getini gari lilipopiga honi, akawa anainua kichwa tu na kusubiri lipite; alianza kunyanyuka kwa awamu mbili, miguu ya mbele kwanza kisha ya nyuma baada ya kusita; akaacha kuruka ukuta mdogo wa bustani aliokuwa akiuruka kila jioni. Kaya ilikuwa na neno moja la kueleza yote hayo, nalo ni kwamba amezeeka, na neno hilo lilipokwisha kutamkwa hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Bwana mifugo aliyeitwa kwa ajili ya ndama aliombwa amtazame na mbwa pia, naye, bila kumchunguza, alisema mzee ni mzee, akamchoma sindano ya oksitetrasaiklini, ileile inayochomwa ng'ombe kwa karibu kila jambo, akaendelea na ndama. Si haki kumlaumu sana, maana mafunzo na mkate wa wataalamu wengi wa ngazi hiyo viko kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini tukio hilo lilionyesha jinsi umri unavyoweza kugeuzwa kuwa jina la ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ukakosa jina.

Jina lilipatikana kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akitibu pia wanyama wa nyumbani, mwanamke kijana ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuikunja na kuikunjua miguu ya Bosi, kiungo kimoja baada ya kingine, huku akitazama si mguu bali uso wa mbwa. Alipofika kwenye nyonga, masikio yalilala na ulimi ukalamba pua. Mbwa, alieleza, halii kwa maumivu ya kudumu. Hulamba pua, hubadilisha malalo, huacha shughuli moja baada ya nyingine, na watu huona mzee aliyetulia. Ugonjwa aliomtambua nao ni osteoathraitisi, kuchakaa kwa gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, ambako hufanya mifupa isuguane na kiungo kuvimba. Gegedu iliyochakaa hairudishwi, lakini maumivu yake hutibika, na tofauti hiyo kati ya kisichopona na kisichotibika ndiyo inayopotea pale neno uzee linapofunga mazungumzo.

Dawa aliyoandika ilikuwa meloksikamu, ambayo kwa mbwa huanza kwa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza na kushuka hadi miligramu 0.1 siku zinazofuata, hivyo uzito ulipaswa kujulikana kwa hakika. Mzani uliopatikana ni wa duka la nafaka la jirani. Bosi alikataa katakata kusimama juu ya bamba lililokuwa likitikisika, ikabidi kaka wa mwandishi apime uzito wake mwenyewe, kisha ambebe mbwa kifuani na kupimwa tena, mwenye duka akisoma namba kwa sauti kama anayeuza maharage, na kwa kutoa hesabu ya kwanza katika ya pili zikapatikana kilo 22. Dozi yake ya kila siku ikawa miligramu 2.2. Kidonge cha binadamu cha dawa hiyohiyo hupatikana kwa miligramu 7.5, zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho, na dawa za kundi hili zikizidi hutoboa tumbo na kuua figo.

Hesabu hiyo ilihitajika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mama mmoja jirani, mwenye moyo mwema na sanduku la dawa lisilokauka, alifika siku dawa ilipokuwa imeisha, akaitikia shikamoo, akaketi, akamwambia dada wa mwandishi: "Mwanangu, mpe diklofenaki nusu kidonge, mimi magoti yangu ndiyo yanayonibeba." Dada alimjibu kwa adabu kwamba daktari amekataza dawa za watu, naye mama akaguna kwamba madaktari wa siku hizi wanaogopa kila kitu. Hata hivyo diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo, na parasetamoli, inayoaminika kuwa dawa mpole kuliko zote, huweza kuharibu ini lake ikizidi na huweza kumuua paka kwa kidonge kimoja tu. Wema wa jirani na ujuzi wa daktari haukupingana kwa nia; ulipingana kwa kuwa mmoja alipima kwa magoti yake na mwingine kwa kilo.

Maumivu yalipopungua, mambo ya nyumbani ndiyo yaliyobaki kurekebishwa, na hayo hayakuhitaji fedha nyingi. Sakafu ya vigae ya baraza, fahari ya kaya, ilikuwa adui wa mbwa asiye na nguvu za nyonga, kwa hiyo yalitandikwa magunia kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli. Malalo ya saruji yaliinuliwa kwa mbao na kujazwa maranda, kwa kuwa baridi ya Moshi mwezi Julai huingia viungoni. Kucha, ambazo hazikusagwa tena na mbio za usiku, zilikatwa. Mbwa alirudi getini. Hakurudi kwa mbio, lakini alirudi, na kaya iliyokuwa imekwisha kumwona kama mstaafu ikakiri kwamba alichokuwa amekikosa ni nafuu tu.

Jirani wa upande wa pili, Mwislamu, alikuwa na uhusiano na Bosi unaostahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu watu huufasiri vibaya. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, huhesabu mbwa kuwa najisi nzito, ambayo unyevu wake ukigusa mwili au chombo hutakiwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo jirani huyo aliinua kanzu yake na kupita mbali kila pua ya Bosi ilipomkaribia. Lakini ndiye aliyewagombeza watoto waliomrushia mbwa kokoto, akiwakumbusha habari mashuhuri ya hadithi za Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kila Idi ya kuchinja alituma mifupa na mabaki ya nyama katika ndoo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mama wa mwandishi aliyachemsha mabaki hayo, na kutupa mapafu na maini yenye malengelenge, kwa kuwa mbwa anayekula viungo hivyo vibichi huweza kupata tegu anayeitwa ekinokokasi, ambaye mayai yake yakimwingia binadamu hujenga uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Kuepuka kuguswa na kuacha kutendea wema ni vitu viwili, na mwandishi amewaona wengi wanaokumbatia mbwa wao mchana na kumsahau bila maji usiku.

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea miaka ya mwisho, na ndilo linalojibu hoja ya yule mzee wa foleni. Bosi alianza kudondosha udenda mwingi upande mmoja wa mdomo, akavimba chini ya jicho, akawa usiku anazunguka uani bila lengo na wakati mwingine kusimama akitazama kona ya ukuta kama aliyesahau njia ya kutokea. Alasiri moja alitoka getini, akaenda hadi kwenye kijiwe cha bodaboda, akasimama katikati ya barabara huku udenda ukining'inia, asisikie honi. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba mbwa ana kichaa. Mawe yaliokotwa, mtoto mmoja akatumwa kwa mgambo, na bila dada wa mwandishi kukimbia na lile daftari, akiwaonyesha kadi ya chanjo yenye mhuri na tarehe, pasingekuwa na mbwa wa kuchunguza.

Watu wale hawakuwa wakatili, na hofu yao ina msingi. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia na wengi wakiwa watoto, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikianza kwa binadamu, matibabu hayapo. Udenda, kutangatanga na kubadilika tabia ndizo dalili ambazo kila mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa, na ndizo hasa alizokuwa nazo Bosi. Tofauti ilikuwa katika muda na katika kumbukumbu. Mbwa mwenye kichaa hudhoofika upesi na kufa, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili zionekane, ndiyo maana mbwa aliyemuuma mtu, kama anaweza kufungiwa salama, huangaliwa kwa muda huo huku aliyeumwa akioshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka na kupelekwa hospitali bila kusubiri matokeo. Bosi alikuwa na mambo hayo kwa miezi, na daftari lilionyesha lini kila moja lilianza. Daktari alipomfungua mdomo, akiwa amevaa glavu pamoja na kuiona kadi, alikuta jino kubwa la juu la nyuma limepasuka na mzizi wake kutunga usaha, na mizizi ya jino hilo hupita chini ya jicho, ambako uvimbe hutokeza na kudhaniwa ni ugonjwa wa macho. Kuzunguka usiku na kupotea kwenye kona aliliita kuvurugika kwa fahamu kwa sababu ya umri, hali ya ubongo wa mbwa wazee inayofanana kwa sehemu na ile inayowapata wazee wa kibinadamu. Ukungu wa bluu katika macho yake, ambao kaya nzima iliuita mtoto wa jicho, haukuwa mtoto wa jicho bali kukakamaa kwa lenzi, jambo la kawaida kwa mbwa mzee lisilomzuia kuona. Masikio ndiyo yaliyokuwa yamekufa.

Hapo ndipo kosa la kusoma uzee lilipojionyesha kwa pande zake zote mbili: jino bovu na nyonga zilizochakaa, vitu vinavyotibika, vilikuwa vimesamehewa kwa jina la uzee, na uzee wenyewe, pale ulipojidhihirisha barabarani, ulihukumiwa kuwa kichaa. Mbwa mzee basi ana haja ya chanjo pengine kuliko kijana. Hana kasi ya kumkimbia mbwa mgonjwa anayeingia uani, huuma kwa kushtuka anapoguswa mahali panapouma au kuamshwa asisikie, na dalili zake za kila siku humfanya mshukiwa wa kwanza. Kinga ya mwilini humlinda dhidi ya kirusi, na kadi humlinda dhidi ya mawe. Kwa upande wa hesabu ya asilimia 70, mbwa mzee aliyechanjwa huhesabiwa sawa na mwingine yeyote.

Baada ya jino kung'olewa Bosi alikula vizuri kwa muda, kisha akaanza kunywa maji kupita kawaida. Daktari aliagiza yapimwe. Mbwa mwenye afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, na anayevuka mililita 100 huhitaji uchunguzi, kwa hiyo mbwa wa kilo 22 alipaswa kubaki chini ya lita 2.2. Mama alitumia kopo lilelile alilopimia maziwa, akiandika yaliyowekwa asubuhi na kutoa yaliyobaki jioni, mabakuli mengine yote yakiwa yamefunikwa. Siku nyingi Bosi alivuka mpaka huo. Damu ikaonyesha figo zinachoka. Meloksikamu ikasimamishwa kwa kuwa figo dhaifu haziibebi, na maumivu yakarudi, na kaya ikajikuta mahali ambapo dawa ya kiungo kimoja ni sumu ya kingine.

Kuhusu mwisho, daktari alileta kipimo kilichotungwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, ambacho humpa mwenye mbwa mambo saba ya kupimia, yaani maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya, kila moja kwa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huhesabiwa kuwa maisha yanayostahili kuendelezwa. Kaka na dada wa mwandishi walikijaza kila mmoja peke yake na kupata majibu yaliyotofautiana sana, hasa kwenye furaha, kwa kuwa kaka alihesabu kubweka na dada alihesabu mkia. Pengine faida ya kipimo hicho haimo katika jumla, bali katika kuwalazimisha watu wa nyumba moja waseme kwa sauti kila mmoja anatazama nini. Mama hakujaza karatasi yoyote. Alifungua daftari, akasoma kwamba Bosi hakuwa ameinuka mwenyewe tangu Jumapili, akasema inatosha.

Sindano ilitolewa nyumbani, kwanza ya usingizi mzito, kisha ya pentobabitali, dawa ya nusukaputi ambayo kwa dozi kubwa husimamisha pumzi na moyo wa aliyekwisha kulala. Huduma hiyo si rahisi kupatikana nje ya miji, na mahali isipopatikana mbwa hupewa sumu au rungu, ingawa Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Daktari alisisitiza shimo liwe refu na mwili usiachwe mahali ambapo mbwa wengine wangeufukua, kwa kuwa dawa hiyo hubaki ndani ya nyama na huweza kumuua atakayeila.

Kaka wa mwandishi bado hushikilia kwamba fedha zilizotumika kwa jino, damu na sindano zingenunua mbuzi wazuri, na dada, ambaye ndiye aliyezilipa, humjibu kwamba mbuzi hajapata kumfukuza mwizi, naye kaka humkumbusha kwamba hata Bosi, miaka ile ya mwisho, hakumfukuza yeyote. Mama hajawahi kuingia katika mabishano hayo. Amemfungulia ukurasa mtoto wa mbwa mpya, na tarehe ya chanjo yake ya kwanza imo.